Posa Iliyolinyamazisha Kundi la Tuelewane

Saluni ya Bazilio,
Nyuma ya Stendi,
Kibondo.

Kwa Mzee Hashimu Khatibu,
Duka la Vitenge na Mashuka,
Sokoni, Kasulu.

YAH: OMBI LA KUIKATAA POSA YA NDUGU MUDATHIRI KWA BINTI YAKO ASMAHANI, KWA MASLAHI YA UMMA

Mzee wangu, shikamoo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hunifahamu kwa sura, kwa hiyo nianze kwa kujitambulisha. Naitwa Bazilio, kinyozi wa hapa Kibondo. Mimi pia ni mwanzilishi na admini mkuu wa kundi la WhatsApp liitwalo Tuelewane, ambalo binti yako ni mwanachama wake tangu mwaka juzi. Nimepata habari kwamba wiki iliyopita umepokea barua ya posa kutoka kwa kijana wa huku kwetu. Sina shaka barua hiyo imeandikwa kwa adabu zote. Naomba upokee na hii yangu, uziweke zote mbili mezani, uzisome kwa utulivu, halafu uikubali hii yangu.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na Mudathiri. Kichwa chake nakinyoa mimi tangu alipofungua duka lake la mabati na misumari, na sijawahi kukikuta na hila. Sina ugomvi na Asmahani pia. Ugomvi wangu ni kwamba wao wenyewe hawana ugomvi tena.

Ili unielewe, Mzee wangu, inanibidi nirudi nyuma kidogo.

Kazi ya kunyoa ina kasoro moja kubwa: kichwa kinaisha kabla ya mabishano kuisha. Mtu anakaa kwenye kiti, anaanza kueleza kwa nini maharage ya Kibondo yanaiva haraka kuliko ya Kasulu, wenzake kwenye benchi wanamkatalia, na moto unapokolea tu, mimi nimeshampaka poda shingoni na anatakiwa kuinuka. Anaondoka na nusu ya hoja kifuani. Kesho yake anarudi, nywele hazijaota hata kidogo, lakini maneno yameota. Siku moja Herieth, muuguzi aliyehamishiwa huku kutoka Singida, alimleta mwanawe kunyoa, akatusikiliza, akaniambia, "Mzee Bazilio, si ufungue kundi tu muhamie huko? Mtoto wangu anataka kiti."

Nikafungua. Nikaliita Tuelewane. Naona sasa kwamba hapo ndipo nilipokosea, maana nililipa kundi lengo bila kufikiria litaishije siku lengo likitimia.

Nililiendesha kwa sheria. Ilikuwa marufuku kutuma ujumbe wa "sambaza kwa watu kumi upate baraka", na marufuku kutuma picha za ajali. Salamu ya asubuhi ilikuwa moja tu, "mwakeye" ya Kiha, ikitosha imetosha, na maua hayakuruhusiwa. Watu wakaja: walimu waliopangiwa vituo huku, akina mama wa mawese, dereva Yusuph, mkulima wa muhogo kutoka Busunzu, na Reverien, Mrundi fundi redio, ambaye aliishi kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, ilipofungwa akahamishiwa Nduta, na sasa amerudi kwao Ruyigi. Kambi zote mbili amezihama, lakini Tuelewane hajawahi kujitoa.

Tulikuwa tunabishana vizuri, lakini kusema kweli tulikuwa tunabishana kienyeji. Hatukujua mabishano ni nini mpaka alipokuja binti yako.

Aliingizwa na mama mmoja wa mawese kwa sababu alikuwa anatafuta usafiri wa mzigo. Akaandika kwa heshima kabisa: "Assalamu alaykum. Samahani jamani, kuna gari linalotoka Kasulu kuja Kibondo kesho? Nina mzigo wa mashuka ya mteja."

Mudathiri, ambaye hakuwa akimjua wala hakuwa ameulizwa, akajibu: "Mashuka ya Kasulu? Huku kuna baridi dada, tunajifunika mablanketi ya watu wazima."

Sote tulidhani mgeni ataona aibu na kujitoa. Akaandika: "Kaka, baridi ya Kibondo inatokana na upungufu wa watu. Ongezeni watu kwanza, mashuka tutawaletea."

Mzee Hashimu, nilikuwa namnyoa mwalimu. Nilicheka mpaka mashine ikapotea njia, ikamchora mwalimu barabara juu ya sikio. Nilipomwonyesha simu nimweleze kilichonisibu, akasoma, akacheka, akasema barabara ile na ibaki, ameilipia kwa moyo mmoja.

Kuanzia siku hiyo tukawa na kundi. Walibishana kama mgebuka wa ziwani ukaangwe au upikwe kwa mawese. Walibishana kama kilima kilicho nyuma ya duka la Mudathiri kinastahili kuitwa mlima. Waliwahi kubishania neno "kesho kutwa" mpaka kesho kutwa yenyewe ikafika na kupita. Mudathiri aliandika, "Asmahani akinyamaza, Kasulu nzima inapata usingizi." Asmahani akajibu, "Mudathiri hata akipewa pole anaubishia ugonjwa." Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyelia, na asiyekuwa na bando aliazima simu ya jirani. Herieth anasema wodini alikuwa na bibi mmoja aliyekataa kulala mpaka asomewe jibu la Asmahani. Mama Valeria wa mawese aliachana na simu yake ya tochi, akanunua ya kupangusa, kwa sababu hiyo tu. Na Reverien alituandikia kutoka Nduta, wakati huo bado yuko huko: "Kiswahili cha kuomba posho nilikijua. Cha kubisha nimefundishwa na hawa wawili. Merci sana."

Sasa, Mzee wangu, nakuomba ukae vizuri, maana hapa ndipo palipoharibika.

Masika iliyopita Asmahani alikuja Kibondo kufuatilia wateja wa vitenge. Siku ya kurudi, kosta aliyopanda ilinasa kwenye tope upande wa Busunzu, pale mafundi wa barabara walipochimba na kuwachepusha watu pembeni. Akaandika kundini: "Tumekwama. Tope limefika mlangoni, mvua inanyesha. Watu wa Kibondo, barabara yenu hii."

Mudathiri akajibu kwa ujumbe mrefu kama kanga. Alisema barabara haina kosa, kosa ni la watu wa Kasulu kusafiri na viatu vya harusini. Tukasubiri jibu. Jibu halikuja. Saa zikaenda. Tukajua Asmahani ameshindwa, na mimi kama admini nikaandika, "Leo pointi kwa Kibondo."

Hatukujua kwamba Mudathiri aliuandika ujumbe ule amesimama kwenye kituo cha mafuta, anajaza pikipiki.

Haya niliyajua baadaye kwa Herieth, ambaye alikuwa ndani ya kosta ile ile akienda semina Kasulu. Alinitumia ujumbe wa sauti ambao nimeusikiliza mara nyingi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Anasema walikuwa wamekaa wamekunja miguu kwenye viti, mara ikatokea pikipiki iliyopakwa tope mpaka taa. Akashuka kijana. Kwapani alikuwa na gambuti jipya, mkononi chupa ya chai na mfuko wa maandazi. Akasimama mlangoni pa kosta, akauliza kwa sauti, "Asmahani ni nani hapa?"

Binti yako hakuinuka. Akamuuliza, "Nani anauliza?"

"Mtu wa Kibondo."

"Umechelewa," akamwambia.

Na hapo, Mzee Hashimu, ndipo Herieth anaposhusha sauti kwenye ule ujumbe. Anasema: "Mzee Bazilio, Mudathiri alikosa jibu. Mudathiri! Alisimama na gambuti kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Abiria wote wakageuka kumtazama. Asmahani akavaa lile gambuti, likawa kubwa, mguu unaogelea ndani. Akasema, 'Hata viatu vya Kibondo vinajisifu ukubwa.' Mudathiri akacheka. Hakubisha, Mzee Bazilio. Alicheka tu. Halafu akamimina chai, akaanza kuwagawia abiria wote ili asionekane kwamba amemletea mmoja."

Mzee, mimi ni baba na nimewahi kuwa kijana. Niliposikia habari ya chai kugawiwa abiria wote, nilijua Tuelewane imekwisha.

Naomba sasa niorodheshe malalamiko yangu kama ifuatavyo:

1. Kukubaliana hadharani. Wiki moja baada ya tukio la Busunzu, Asmahani aliandika kwamba soko la Kasulu ni kubwa kuliko la Kibondo. Tukakaa mkao wa kula. Mudathiri akaandika: "Ni kweli." Basi. Maneno mawili. Yusuph dereva akauliza kundini kama simu ya Mudathiri imeibiwa. Mimi mwenyewe nilimpigia nikamuuliza, "Ndugu yangu, uko salama?" Akanijibu, "Niko salama mno, Mzee Bazilio." Hiyo "mno" ndiyo iliyonitisha.

2. Kuhamisha mali ya umma kwa matumizi binafsi. Usidhani wameacha kubishana. Hapana! Mudathiri akikaa kwenye kiti changu simu inalia, anasoma, mabega yanatikisika, namwambia atulie nisimkate, anasema "samahani", anasoma tena. Wanabishana faraghani. Majibu yale, Mzee wangu, ambayo zamani wodi nzima ilikuwa inayangoja, sasa yanasomwa na mtu mmoja. Kama mtu angeziba bomba la maji la mtaa akalielekeza nyumbani kwake, tungempeleka kwa mtendaji. Huyu tunampelekea pongezi.

3. Kupuuza juhudi za uongozi. Sikukaa tu. Niliuliza kundini wapi kuna kuku mtamu, Kasulu au Kibondo. Mudathiri akaandika "kote", Asmahani akaweka kopa jekundu. Niliandika kwamba nimesikia watu wa Kasulu hawajui kusonga ugali wa muhogo. Asmahani akasema, "Mudathiri ananifundisha wa kwenu." Mwishowe nilimfuata Mudathiri pembeni, nikamfungulia lile jibu la kwanza la baridi na upungufu wa watu, nikamwambia, "Huyu ndiye aliyekudhalilisha mbele ya watu, na wewe umenyamaza?" Akaichukua simu yangu, akaisoma ile meseji taratibu kama anasoma barua ya mama yake. Akasema, "Mzee Bazilio, siku hii ndiyo niliyompenda. Sikujua tu kwamba ndiyo kupenda. Nilidhani nina hasira." Sasa admini afanye nini na mtu kama huyo?

4. Kuporomoka kwa maadili ya kundi. Waliporudi nyuma wale wawili, maua yakaingia. Waridi lenye umande, limeandikwa "Asubuhi njema". Kikombe cha chai kinachofuka moshi. Mtu asiyejulikana anauza dawa ya mgongo. Mama Valeria, mwanamke niliyemheshimu, alituma ujumbe wa kusambaza kwa watu kumi, na nilipomuonya akaniambia, "Admini, bora baraka kuliko kimya."

Kuhusu kimya chenyewe sikutaka kusema mengi, lakini nimeshaanza. Reverien aliniandikia pembeni kutoka Ruyigi. Alisema: "Mzee, kundi limelala? Huku nikimaliza kazi nilikuwa nafungua simu, nasikia kama niko bado kwenye benchi yenu pale nyuma ya stendi. Hapa nyumbani watu ni wazuri, lakini tulikaa mbali siku nyingi, bado tunaogopana kidogo. Sasa nafungua, naona maua tu." Nikamwambia mtandao unasumbua.

Na mimi mwenyewe, Mzee Hashimu, mke wangu alitangulia mbele ya haki, watoto wako Mwanza na Dar es Salaam, wananipigia Jumapili. Jioni nikishafagia nywele na kuzima mashine, nilikuwa nakaa kwenye kile kiti cha wateja, nafungua Tuelewane, nacheka peke yangu mpaka jirani muuza chipsi anachungulia. Sikulalamikii hilo. Nakueleza tu ili ujue hali ya eneo la tukio.

5. Mapinduzi. Ilipotangazwa kwamba barua ya posa imekwenda kwako, Tuelewane iliamka. Siku nzima ilikuwa pongezi, vigelegele, watu waliokuwa kimya tangu masika walijitokeza. Nikasema moyoni, afadhali. Kumbe ulikuwa moto wa mabua. Kesho yake Herieth, naibu wangu, mtu niliyempa uadmini kwa mkono wangu mwenyewe, alifungua kundi jipya liitwalo "Kamati ya Harusi: Mudathiri na Asmahani", akawahamishia huko wanachama wote. Hujajibu hata barua, Mzee, na tayari huko wanajadili rangi ya sare! Mimi nimeingizwa kama mwanachama wa kawaida. Nilipotaka kutoa maoni kuhusu rangi, simu ikaniambia kwamba ni admini pekee anayeruhusiwa kuandika. Mimi! Nilikaa na kidole hewani.

6. Mudathiri siku hizi hapunguzwi ndevu bila kuuliza, "Asmahani atasemaje?" Hili si la kundi, ni la kazi, lakini nimeona liingie kwenye kumbukumbu.

Mzee wangu, huenda ukasema haya ni mambo madogo ya watu wa huku. Naomba uyatazame kwa mbali kidogo. Hawa wakioana watazaa. Mtoto atazaliwa Kasulu kwa bibi yake, atalelewa Kibondo kwa baba yake. Siku likiulizwa swali la maharage, atakaa upande gani? Atasema yote ni matamu. Atakuwa mtoto mwenye adabu na asiye na msimamo. Wenzake watamwiga, vijana wa Kibondo wataanza kuoa Kasulu kwa wingi, wa Kasulu watajibu kwa kuoa Kibondo, na baada ya kizazi kimoja njia nzima hii itakuwa ni mashemeji watupu. Shemeji na shemeji hawabishani, wanakaribishana chai tu. Benchi langu litabaki na watu wanaokubaliana. Ugonjwa huu ukishuka Kigoma mjini, ukapanda treni ukafika Tabora, ukaendelea mpaka Dodoma, siku moja wabunge watafungua kikao, watatazamana, watasema "ni kweli", na kikao kitaahirishwa kabla ya chai ya saa nne. Sitaki historia iseme kwamba yalianzia kwenye gambuti la Busunzu na kinyozi aliyajua akanyamaza.

Kwa hayo, naomba yafuatayo:

(a) Uikatae posa. Huna haja ya kutoa sababu. Unaweza kusema umepokea barua nyingine.

(b) Kama (a) ni ngumu, basi uicheleweshe. Sema unaitafakari. Sema ukoo uko mbali, kuna mjomba Tanga ambaye lazima aulizwe, na mjomba huyo hapokei simu. Mambo haya yanaweza kwenda mpaka ujenzi wa lami ya huku uishe wote, na hakuna atakayekulaumu.

(c) Kama (b) nayo ni ngumu, basi ukubali kwa sharti. Wakishaoana, kila mmoja abaki mjini kwake, na wawasiliane kupitia Tuelewane tu.

(d) Na kama hata hilo unaliona ni ukatili, basi angalau bibi harusi aweke kipengele kwenye mahari yake kwamba bwana harusi atambishia hadharani kila Ijumaa baada ya swala, kwa sauti ya kiungwana, juu ya mada atakayopewa na admini.

Najua wewe ni mfanyabiashara na mtu wa watu, na sifa zako zinafika mpaka huku. Najua pia kwamba ni baba. Asmahani alipata kuandika kundini kwamba alianza kubishana tangu yuko darasa la pili, na kwamba wewe ndiye uliyekuwa unampa maneno, mkifunga duka mnarudi nyumbani kwa miguu, wewe ukisema jua linachelewa, yeye akisema linawahi. Kama ni hivyo, kitakachonyamaza kwako ni kikubwa kuliko kilichonyamaza kwangu. Nimelifikiria hilo wakati naandika, na nikaona sisi wawili tungeweza kulia kilio kimoja.

Nisalimie Mama Mwanaamina wa hapo dukani kwako na umwambie vitenge vya mwezi uliopita vilifika vizuri. Nisalimie majirani wote wa dukani, waumini wenzako, na hata Asmahani mwenyewe, ila usimwambie ni mimi niliyemsalimia. Wa huku wote hawajambo, isipokuwa kundi.

Wako katika kujenga hoja,

Bazilio
Kinyozi na Admini Mkuu
Tuelewane, Kibondo

N.B. Mzee wangu, nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nangoja kosta ya Yusuph nimpe akuletee, Mudathiri akaingia saluni. Hakukaa kwenye benchi, alikuja moja kwa moja kwenye kiti. Nikamfunga kitambaa, nikawasha mashine, akaniambia niizime kwanza. Huenda hujui kwamba baba yake alifariki yeye akiwa shule. Akanitazama kupitia kioo, akasema, "Mzee Bazilio, Jumamosi tunakwenda kwa Mzee Hashimu kusikiliza jibu la posa. Mjomba wangu atakuwepo, yeye atasoma dua. Lakini sina mtu wa kunisemea. Nimezunguka mji mzima kichwani, nikiwaza ni nani anayejua jinsi nilivyo na anaweza kumwambia mzee wa watu bila kudanganya. Nakuomba uwe mshenga wangu."

Nilimwambia kwamba mimi ni Mkatoliki. Akasema anajua. Nilimwambia mimi ni kinyozi tu. Akasema anajua. Nikatafuta la tatu la kumbishia, Mzee Hashimu, nikalikosa. Nikawasha mashine, na nakiri kwamba kwa muda kidogo sikuona vizuri ninaponyoa.

Kwa hiyo Jumamosi tukija, atakayetangulia kubisha hodi mlangoni pako ni mimi. Nakuomba kwa unyenyekevu usitukatalie. Kijana huyu aliendesha pikipiki kwenye mvua kwenda kumpelekea viatu mtu aliyekuwa hajawahi kumwona, na alipoambiwa amechelewa, hakujitetea. Sina sifa nyingine ya kumpa inayozidi hiyo. Nimeshamjulisha Reverien, na ameniagiza nimpigie nikiwa barazani kwako, niiache simu wazi mfukoni, asikie.

Barua hii ningeichana, lakini nimeona mshenga asianze kazi kwa kukuficha jambo. Isome, uitie chini ya godoro. Asmahani asiione, maana ataijibu.

Nimeambiwa mahari atayataja bibi harusi mwenyewe, hilo halina mjadala. Lakini yamebaki mengine: tarehe, sehemu ya sherehe, nani aingie mlangoni kwanza, na idadi ya wageni kutoka huku, ambayo nakuonya mapema kwamba utaiona kubwa na mimi sitaipunguza. Nasikia katika mambo ya namna hii wewe si mtu wa kukubali jambo kirahisi. Andaa chai ya kutosha, Mzee. Mimi nitakuja nimeshakula, na kurudi sina haraka.